Yule Bwana wa Bafuni

Jablonec, mwezi wa pili. Theluji imefunika reli za tramu,
na baba ananiita kwa sauti ya chini, ya mtu aliyeona mwizi:
"Zdislava, yule bwana amerudi."

Yumo bafuni, juu ya sinki.
Mvi zimemsimama kama za baba,
fulana imemtoboka kwapani kama ya baba,
naye anamkazia baba jicho lile lile la shaka.

Miaka arobaini na mmoja baba alipaka vioo fedha.
Alirudi nyumbani na kucha nyeusi, hazitakati kwa sabuni wala limau.
Hata leo anakigonga kioo kwa kifundo cha kidole, anategа sikio,
anasema, "Hiki kimetoka karakana yetu. Fedha imeshika.
Pembe hii tu imeanza kuoza."
Kioo anakijua.
Aliyemo ndiye hamjui.

Daktari Hrubeš alichora ubongo nyuma ya bahasha,
mchoro mbaya, kiazi chenye mikunjo.
Hapa, akasema, nyuma ya sikio la kulia,
macho na pua na mdomo huacha kuwa vipande, vikawa uso.
Na huku mbele, tunadhani, uso hupokelewa: karibu, ni wewe.
Kati yake pana njia.
Akatia nukta ya wino pale kiharusi kilipopita,
ndogo kuliko punje ya ulezi.
Nilitamani iwe kubwa.
Baba mzima, apotelee kwenye kinukta?

Mama alipenda kusimulia
kwamba nilipofikisha mwaka na nusu baba alinipaka masizi puani
akanibeba hadi kwenye kioo.
Wiki nzima nilimbusu mtoto yule mgeni, nikamlisha biskuti.
Kisha Jumapili moja nikaigusa pua yangu mwenyewe,
na baba akapiga kelele za shangwe
hadi Bi Kropáčková akagonga ukuta.
Sikumbuki. Hakuna anayekumbuka siku aliyojipata.

Jana nilimtia baba tone la povu la kunyolea kwenye paji.
Sijui nilitaka nini.
Najua nilitaka nini.
Aliliona. Akacheka kidogo, kwa adabu,
akatoa leso mfukoni, akaikunjua,
akamnyooshea yule bwana.
"Mwambie ajifute. Si vizuri mtu mzima kutembea hivyo."
Leso ikakutana na leso kwenye ubaridi wa kioo.

Mjomba Vojen alishauri tukifunike kwa shuka.
Nikakifunika, siku mbili.
Siku ya pili baba alikaa ukingoni mwa beseni, hataki kula,
akaniuliza, "Yule maskini, siku hizi nani anampa chakula?"
Nikaivua shuka.

Leo nasimama nyuma yake, wembe mkononi.
Mimi, mle ndani, ananitambua papo hapo; ananikonyeza.
"Huyu ni wewe," anasema, kidole kwenye uso wangu wa fedha.
"Sasa mbona umemshika bega yeye?"

Kidevuni ana kovu, bamba la kioo lilimkata mwaka niliozaliwa.
Vidole vyake vinapanda vyenyewe, vinalipapasa,
vinauelekeza wembe uzunguke.
Vidole havijapata habari za kinukta.

"Unamjua?"
"Namjua."
"Ni mtu mwema?"

Nasuuza wembe. Vinyweleo vyeupe vinaelea, vinafuata maji.
"Ana kisirani asubuhi. Kahawa ikipoa hainywi.
Lakini ndiyo."

Baba anamtazama kwa muda, kama anayepima kazi ya fundi mwingine.
Halafu anasogea kando kidogo, ampishe,
na yule bwana naye anasogea,
na sinki linabaki tupu katikati,
kila mmoja akingoja mwenzake atangulie.